Magunia ya Siku ya Arobaini

Mtunda, 3 Aprili 1994

Kwa mdogo wangu Twalibu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu, ila mguu wangu wa kushoto unauma mvua ikinyesha. Wewe na mkeo Maulida hamjambo? Anayeandika ni Biasha, mtani wako, maana mimi kalamu yangu ni mwiko. Anasema kitambi chako cha ofisini tumekisikia mpaka huku.

Mdogo wangu, kuna jani limeingia ziwani kwetu. Lina maua ya zambarau, tukalichekea. Sasa limeziba kona ya mitumbwi, hakupiti chombo. Wazee wanasema limeletwa na ndege. Si ndilo lile ambalo shirika lenu la Maji Safi lilikuwa linaling'oa kule Mahege? Kama mmelimaliza kule, njooni na huku. Ziwa hili unalijua. Kambale wake ndio waliokununulia sare ya shule, nikiwauza mimi barabarani.

Ni mimi dada yako,
Mwanahawa


Kibiti, 14 Aprili 1994

Dada yangu Mwanahawa,

Waaleikum salaam. Huku hatujambo, Maulida anakusalimu na kukupa pole ya mguu. Barua nimeipata kwa mkono wa utingo wa basi.

Usiwe na hofu. Mwenyekiti wetu, Bwana Seleman, ameipeleka barua yako kwa wafadhili Dar es Salaam, nao wamesikitika sana. Fungu limepatikana. Mwezi ujao kina mama wataanza kung'oa, watalipwa kibarua kila Jumamosi, na msimamizi utakuwa wewe. Kazi imekuja nyumbani, dada.

Mwambie Biasha kitambi hiki ni cha mawazo.

Mdogo wako,
Twalibu


Mtunda, 20 Agosti 1994

Mdogo wangu Twalibu,

Asalaam aleikum. Leo salamu ni fupi, unisamehe. Mguu haujambo, mengine yote yanajambo.

Tunang'oa, jani linaota nyuma ya mgongo wetu. Tunalirundika ufukweni maana gari la kulizoa mliloahidi hatujaliona. Limeoza, linatoa funza weupe wanene kama punje za wali. Harufu imeingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka tonge la ugali ukilileta mdomoni linanuka. Maji yamekuwa meusi. Kambale wameelea matumbo juu, hata mbwa hawawataki. Wakubwa wenu walikuja kutupiga picha, halafu wakala kuku ndani ya gari, vioo wamefunga.

Maji ya ziwa hayanyweki, kwa hiyo tunachota mtoni. Wiki iliyopita mamba alimshika Thuwaiba, mke wa Mshamu. Walimnasua. Mkono wa kulia umebaki mpaka kwenye kiwiko. Ana mtoto wa kunyonya, Twalibu, na sasa wenzake ndio wanaomwekea mtoto kifuani.

Pamoja na hayo kina mama wanakushukuru. Wanasema, "Bila kaka'ke Mwanahawa tungeng'oa bure." Malipo ya Jumamosi tatu hayajafika, lakini wanakungoja wewe.

Leta dawa, au leta gari la kuzoa uchafu huu.

Dada yako,
Mwanahawa


Kibiti, 2 Septemba 1994

Dada yangu,

Asalaam aleikum. Naomba Biasha akusomee barua hii mkiwa wawili, mlango umefungwa.

Habari za Thuwaiba zimenikalisha chini. Sikuulizi afya, sina uso wa kuuliza.

Hakuna ndege aliyeleta jani. Nililileta mimi.

Mwaka jana mwishoni tulimaliza kazi ya Mahege. Wafadhili wakaandika kutupongeza, wakasema basi, kazi imekwisha na pesa zao zimekwisha. Unakumbuka nilivyopunguzwa kazi kwenye shirika la umma, ukanilisha wewe, mimi na mke wangu, kama vifaranga? Niliogopa kurudi pale. Bwana Seleman akafunga mlango wa ofisi, akasema, "Mgonjwa akipona, mganga atakula nini?" Tukacheka. Nilicheka na mimi. Jani tulikuwa nalo kwenye pipa nyuma ya ofisi, la kuwaonyesha wageni. Akasema, "Haya, chagueni ziwa."

Aliyelitaja ziwa letu ni mimi. Nilijiambia, kama pesa za kung'oa zitamwagwa mahali, zimwagwe kwa watu wangu. Nilidhani nakufaa, dada.

Siku ya arobaini ya Baba nilikuja na gari la mradi na mchele. Mkapiga vigelegele, vijana wakashusha magunia. Mawili yalibaki chini ya turubai, yanachuruzika. Ukaniuliza, "Mbona yanavuja haya?" Nikakujibu ni barafu ya soda. Ukanishika kichwa, ukaniombea dua mbele za watu.

Watu walipokaa kusoma, nikaaga naenda ziwani kutia udhu. Niliyamwaga magunia kona ya mitumbwi. Kisha kweli nikatia udhu, kwa mikono ile ile, maji yale yale, nikarudi kuitikia amina.

Na hizo pesa zenyewe, ujue zilivyokwenda. Katika kila shilingi kumi, mbili ndizo zilizofika ziwani. Nyingine ni petroli, ni posho, ni semina. Tulikaa hoteli ya Dar siku tatu tunalijadili jani, tukala tukasaza, paja la kuku linatupwa limeng'atwa mara moja. Malipo yenu ya Jumamosi tatu yamo humo, yameliwa, na mimi nimo kwenye walaji.

Sasa kila saa niko bombani. Nanawa kwa sabuni na ndimu, mikono inanuka uozo. Maulida anainusa anasema haina kitu. Ofisini tumetundika kalenda ya shirika, na picha ni yako, umelikumbatia jani unacheka. Juzi niliigeuza ikatazama ukutani.

Ndani ya bahasha kuna pesa kidogo za Thuwaiba. Nifanye nini, dada? Niambie.

Twalibu


Kibiti, 9 Oktoba 1994

Dada,

Asalaam aleikum. Mwezi na zaidi, kimya. Utingo amenirudishia bahasha, pesa zimo vile vile, hakuna neno.

Kazi nimeacha. Wafadhili nimewaandikia kila kitu. Seleman anapita madukani anasema nimerukwa na akili.

Nijibu, hata kwa tusi.

Mdogo wako,
Twalibu


Mtunda, 25 Novemba 1994

Twalibu,

Naandika mimi Biasha. Dada yako hakutoa salamu, na mimi siwezi kumbunia.

Barua yako ile ya Septemba ilifika Jumamosi. Kina mama wote walikuwa barazani wanangoja malipo. Kuona bahasha wakajua ndiyo yenyewe. Pale pa kufunga mlango nikapasoma kwa sauti, watu wakaangua kicheko, "Huyo anaoa mke wa pili!" Nikataka kuikunja. Dada yako akasema, "Soma, Biasha. Mimi na wenzangu hatuna siri."

Nikasoma mpaka mwisho. Thuwaiba alikuwepo. Akasema, "Rudia hapo pa barafu." Nikarudia. Bahasha alikurudishia yeye.

Hakuna aliyemtukana dada yako. Ingekuwa heri wangemtukana. Tunang'oa bila malipo sasa, tunalibeba kichwani mpaka mbali, linatuchuruzikia mashavuni. Yeye huingia majini kabla ya watu na kutoka baada ya watu, na hapokei uji wa mtu.

Mimi mtani wako nina maneno yako, nimeyaweka akiba, hayapiti kwenye barua.

Jumapili ya tarehe nne ni hitima ya mwaka ya baba yenu. Nilimuuliza dada yako nikuandikie nini. Aliendelea kukamua kanga yake iliyolowa. Kisha akasema, nami nayaandika kama yalivyomtoka:

"Aje. Asije na gari, asije na mchele. Asipite nyumbani kwanza. Anyooke ziwani, njia ya kwenda kutia udhu anaijua. Aanzie pale alipomwaga. Hitima haisomwi mpaka atoke majini."

Na Thuwaiba anasema maji safi ya udhu wako atakuchotea yeye, mtoni.

Mtani wako,
Biasha