Wale Wapima Macho wa Bure

Ijumaa, Matema. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini mimi bado nimenuna. Naandika kwenye daftari, nitapandisha bloguni nikifika Kyela mjini.

Wale watu wa macho wamerudi. Gari lao lenye spika limepita sokoni likitangaza kupima presha ya macho, bure. Hilo neno bure ndilo linanitia wasiwasi. Mimi nauza vitenge, navitoa ng'ambo Malawi, na tangu biashara iwe huria sijaona anayetoa kitu bila kutaka kitu.

Nikasimama nyuma kabisa, mikono kifuani, nikamsikiliza nesi wao. Anasema kwa wengi ugonjwa huu hauumi. Unaanza kula macho pembeni, mwenyewe hajui, na kilichopotea hakirudi. Dawa ni ya matone, kila siku, ili kulinda kilichobaki.

Loo! Ugonjwa usiouma, usioonekana, dawa hadi kaburini. Kama hiyo si biashara, ni nini?

Mwaka jana walipokuja nilimkataza mama kwenda. Kila aliyeniuliza nilimwonyesha vyungu vyake. Mama ni mfinyanzi, Mkisi kabisa, kabila la wafinyanzi wa ziwani, na vyungu vyake havina kasoro mdomoni wala tumboni. Asiyeona atafinyanga hivyo? Leo nimemwambia nesi maneno hayohayo, tena kwa sauti, watu wasikie.

Hakukasirika. Aliniuliza tu: akifinyanga, anazunguka yeye au kinazunguka chungu?

Nikageuka nikaondoka zangu. Swali gani hilo?

Lakini njia nzima halikuniacha. Maana mama hukaa palepale, anakizungusha chungu kwa mkono, na kila upande unakuja wenyewe mbele ya macho yake.

Nimemkuta uani akitia nakshi. Sikumsalimia. Nimenyata upande wake wa kushoto, nikanyoosha mkono pembeni ya uso wake, nikapunga. Anaendelea na kazi. Nikausogeza mbele, nikapunga tena. Wala hageuki. Mpaka ulipokaribia pua ndipo akashtuka: "Yesu wangu! Umetokea wapi?"



Jirani yetu Tumpe amekuwa akilalamika kwamba mama siku hizi ana maringo, unampa mkono anauacha hewani. Nilimgombeza sana Tumpe. Nilidhani ni wivu wa wafinyanzi, kumbe mwenzangu alikuwa anaona kitu ambacho mimi mtoto wake wa kumzaa sikutaka kukiona.

Nimemweleza mama yote, nusu nalia. Amenisikiliza huku anafuta udongo vidoleni.

"Mwaka jana nilishaoga, nimevaa na gauni la kanisani," akasema. "Wewe ukaniambia ni matapeli, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Bora angenitukana.

Kesho wanahamia Mwaya. Vitenge vitakaa, nimeshamwambia Tumpe anifungie kibanda. Nitampeleka mama mimi mwenyewe, nikae naye kwenye foleni, na wakisema matone ni ya maisha, basi ni ya maisha. Bado siwaamini sawasawa, nakiri. Lakini leo nisiyemwamini kabisa ni huyu anayeandika, mimi.

Kuna swali moja naogopa hata kuliandika. Siku ile alipovaa gauni lake akasubiri nimruhusu, ningempungia pembeni, angeuona mkono wangu?