Usifunue Beseni

Baba Bora, usifunue ile beseni iko karibu na kuni. Nyoka iko chini yake, mzima. Nimeweka jiwe juu. ~~Uiue na jembe.~~ Hapana, ita Nsengimana jirani, ye njo anajua nyoka.

Asubuhi uliipita pale ukasema haina sumu, sababu haikimbie bantu. Sasa soma vizuri: fupi, nene, kichwa kipana, inalala tu, ukikaribia inapumua kwa nguvu. Hiyo njo piri, ya sumu kali. Bora alikusikia, akaenda kuipapasa. Nilimvuta kidole chake kikiwa karibu kuigusa, nikaifunika.

Nsima, ugali wako, iko kwa sufuria. Tumeenda soko ya Kawale kuuza nyanya; mtoto simuachi hapa.

Bora amesema amekusamehe. Mi bado.

Mama Bora