Hussni Alikula Mahamri Kwanza

Nasreen, natoka kwa dada yangu Swafiya sasa hivi. Nililala kwake, nimeyaona yote kwa macho yangu.

Alfajiri kakanda mahamri, kapika mbaazi za nazi, akitaraji Hussni akishiba watazungumza kama mtu na mkewe.

Hussni akala. Akala, Nasreen! Akasifu iliki. Kisha akapangusa vidole, akasema, "Swafiya, nimepata nyumba mji wa pili, Bloomington. Nahamia leo."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nimechoka tu."

Nimechoka tu! Hata mwanamke wa kumlaumu hakuna.

Akavaa jaketi. Mlangoni akageuka, mimi nikadhani kajuta. Akauliza, "Yaliyobaki naweza kubeba?"

Swafiya hakulia, hakumtukana. Akamfungia yote, na mbaazi kwenye mkebe, akamwambia ayale kabla hayajapoa.