Mruko wa Sabra

Mwembesongo, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Sabra,

Assalaam alaykum. Hali yako? Mama mdogo mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku wazima. Barua nampa dereva wa gari la ndizi kwa kuwa simu zangu hupokei.

Klabu yetu ya kuruka kwa miavuli imefungwa. Mzee Mwinjuma amefariki, na uwanja umekatwa viwanja vya nyumba. Wanachama wamenipa kazi ya kuandika historia: alivyostaafu jeshi, akaanza na watu sita na miavuli miwili mikuukuu, hadi tukawa tunakodi ndege. Nimefika Juni 2016, siku uliyoruka, nimekwama. Niambie unavyoikumbuka.

Dada yako,
Chausiku


Kinole, 20 Machi 2024

Dada Chausiku,

Shikamoo. Mama anasema marahaba. Kifua kinambana, ila shamba bado analipanda. Mimi nipo.

Hakuna cha kusimulia. Niliruka, upepo ukanitoa nje ya uwanja, nikapiga mgongo kwenye mawe. Toka hapo miguu haisikii kitu. Juzi nikipika futari kaa la moto liliniangukia mguuni, nikajua kwa harufu.

Wewe ulikuwa chini na redio. Karibu miaka minane hujakanyaga hapa. Nimeingoja hasira, haikuja. Niambie tu kwa nini.

Mdogo wako,
Sabra


Mwembesongo, 2 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Funga inaendaje? Sisi tumo katika kumi la mwisho, alhamdulillahi.

Sikuja kwa kuogopa swali hilo. Kazi yangu ilikuwa kutazama kitambaa cha upepo na kumwambia rubani. Kabla hujatoka ndegeni kiliinuka ghafla, upepo umekuwa mkali. Nilikiona, na redio ninayo mkononi. Lakini wageni walishakaa kutazama, na nilitaka mwanamke wa kwanza wa klabu awe mdogo wangu. Nikanyamaza. Mzee Mwinjuma aliponiuliza, nikasema upepo ulikuja wewe ukiwa umeshatoka. Amekufa akiamini hivyo.

Nitayaandika haya kwa jina langu. Ukitaka nisikuone tena, nitaelewa.

Dada yako,
Chausiku


Mwembesongo, 15 Mei 2024

Sabra,

Hamjambo huko? Nasikia mvua imekata barabara. Kama si mvua, basi nimeelewa.

Dada yako


Kinole, 9 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Tunaendelea, Mama kifua kimempungua. Barua zako zote zilifika. Kila nilipoanza jibu, nililichana.

Yako yaandike. Siwezi kukuambia ni madogo. Ila yasikae peke yake. Mlangoni mwa ndege Yohana, mwalimu aliyekuwa akinirusha, alitazama chini akasema, "Upepo umebadilika. Turudi." Nikamwambia, "Mimi sirudi." Nikatoka kabla hajanishika. Nilimwomba asimwambie mtu, na hakusema. Mama hajui mpaka leo.

Mwavuli ulipofunguka niliiona Uluguru yote. Kwa dakika mbili sikuwa mdogo wa mtu. Watu wanasema nilipatwa na ajali. Wewe andika kwamba niliruka.

Barabara imekauka. Gari la kwanza linapanda huku saa mbili asubuhi.

Mdogo wako,
Sabra