Udongo wa Kaburi la Bibiane

Katwe, Kampala,
12 Machi 1972

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Julienne,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku Katwe. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Bukavu? Na Emile, bado anachagua chakula kama mtoto wa mfalme? Mimi mwili ni mzima, nakula, nagonga bati kila siku. Moyo usiniulize.

Barua hii nimempa Jean-Pierre, yule muuza vitenge, aifiche ndani ya mzigo wake, kwa kuwa posta ya siku hizi inafungua barua za watu. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Umeniandikia mara mbili kwamba mama mkwe anataka udongo wa kaburi la mke wangu Bibiane, auzike huko nyumbani, matanga yaanuliwe. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya aibu. Kaburi silijui, Yaya. Kipindupindu kilipomshika walimpeleka kwenye mahema ya wagonjwa upande wa Port Bell, na siku ya tatu nikaambiwa langoni kwamba ameshazikwa, nirudi zangu.

Na asingekufa! Wiki tatu nzima redio ilitwambia ni tumbo la kawaida tu, naye akaendelea kuteka maji kwenye kisima kile kile. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakuijua serikali hii. Huku hata kilio chenyewe kimefichwa.

Sasa sikia walivyoamua kukumbuka. Mwezi uliopita afisa mmoja alikuja karakana kwangu na askari polisi aitwaye Opoka, mtu wa kaskazini, mpole. Wakaagiza kibao cha bati cha kubandika kwenye nguzo ya ukumbusho waliyoijenga pale soko la Nakawa: taifa limeshinda kipindupindu, na chini yake majina ya maafisa sita. Nikauliza kwa adabu kama hatutaweka na ya waliokufa, hata kwa herufi ndogo.

Afisa akanikazia macho. "Watu gani amekufa? Wewe andika ile tunakuambia."

Nikaandika. Tena nilizipiga herufi vizuri, Mungu anisamehe, maana mkono wangu haujazoea kuharibu kazi.

Ningeulizwa mimi, ningesema nguzo hatuitaki. Kila mwaka soko la Nakawa lifungwe asubuhi moja, mtu asimame asome majina yote, ya Muganda, ya Mwacholi, ya sisi Wakongo, kila jina na mtaa wake. Kisha asome tarehe waliyoujua ugonjwa, na tarehe waliyotwambia. Basi, watu waende nyumbani. Lakini nani atamuuliza mkimbizi?

Siku ya uzinduzi soko lilifungwa kweli, ili twende kushangilia. Bendi ya jeshi ilipiga, soda zikagawiwa. Sisi tuliofiwa tulipangwa mstari wa mbele, kwa amri. Nilipiga makofi, Yaya. Nilipiga mpaka viganja vikaniwaka, kwa hofu tu, nikajichukia.

Watu walipotawanyika, Opoka alinisogelea akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Fundi, watu yote ya mahema iko hapa chini ya simenti," alininong'oneza. "Mimi mwenyewe nilishika beleshi. Mtoto yangu Ayot pia iko hapa. Wewe nyamaza tu."

Akainuka, akaenda kusimama kwenye lindo lake.

Basi nimekata tamaa. Juu ya Bibiane pana zege, pana bunduki, na pana bati nililoligonga kwa mikono yangu. Hata kiganja kimoja cha udongo wake sitakipata, leo wala kesho.

Jean-Pierre atakupa kifurushi cha kitambaa cheupe. Udongo uliomo nimeuchimba uani, nyuma ya karakana, nikauchekecha usibaki na vipande vya bati. Nakupigia magoti, Yaya: mpe mama mkwe, mwambie umetoka kaburini. Ni mzee, na apate kulala.

Nisalimie Emile, Hortense na watoto wote. Mungu awape maji safi na watu wa kuwaambia ukweli.

Mama mkwe akiuliza kama nilimlilia mwanawe pale kaburini, mwambie nililia. Usimwambie nilipiga makofi.

Wako akupendaye,
Mushagalusa