Lancha ya Jumanne na Eda ya Mwanacha

Mocímboa da Praia,
14 Aprili 1969

Mpendwa mdogo wangu Mwinyimadi,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Mtwara? Zile homa zako za masika zimekuachia? Na mkeo Kurwa, mguu wake umepona? Watoto wanakula vizuri? Nakujua, utaandika "sote wazima" halafu basi. Safari hii nijibu moja moja. Sisi huku tunashukuru. Mama anakohoa lakini anatembea, na mimi dada yako ni yule yule, mdomo haujapungua.

Barua hii anakuletea Faquir, yule mjumbe wako, kwa mkono wake, imeshonwa ndani ya mto wa sufi. Isome peke yako kisha itie motoni. Jina la kaka yetu silitaji humu. Nikisema kaka, unaye mmoja tu, hutapotea.

Haya, sikiliza. Ni wewe uliyemtuma Faquir mwaka jana aje kutuambia kaka ameuawa vitani akipigana na Wareno, mwezi wa Rajabu. Tulilia mpaka sauti zikakauka. Tukasoma hitima, hata wale waliokuwa hawamsalimii walikuja kula. Habari ikavuka mpaka kisiwani kwa mkewe, shemeji yako Mwanacha. Kidogo tunaletewa maneno kwamba Mwanacha amekataa kukaa eda! Hataki nguo nyeupe, hataki kujifungia ndani, anakwenda kisimani kajipaka msiro, ule urembo mweupe, uso mzima kama bibi harusi. Mama akaniambia, "Tatu, wewe ndiye dada mtu. Nenda kamtie eda, ikibidi kwa nguvu." Nami nilikwisha kupandwa na hasira, sikuhitaji kusukumwa.

Lakini kwenda ndiyo kazi. Tangu vita hivi, huvuki hata mkono wa bahari bila guia, karatasi ya ruhusa, na guia yenyewe kila ukienda administração, ofisini kwao, unaambiwa rudi kesho. Kesho zangu zilijaza miezi. Mwisho karani akaniuliza nasafiri kwa nini. Nikasema msiba. Wa nani? Wa kaka. Alikufa na nini? Hapo nikababaika, maana ningesema vita wangenifungia hapo hapo. Nikasema homa. Akaandika homa, akagonga muhuri, siku nne. Basi ujue, kwa serikali kaka amekufa kwa homa.

Jumanne nikapanda lancha. Mwinyimadi, uzee huu wote sijawahi kupanda chombo cha injini! Nilitaka kuona kila kitu. Watu arubaini tulikuwamo. Askari walikaa mbele chini ya turubai, sisi tukawekwa nyuma na magunia ya mchele na mbuzi wawili waliokuwa wanakula mkeka wa bibi mmoja naye hana habari. Sakafu yote inatetemeka, unaisikia mpaka kwenye meno. Nikashindwa kutulia, nikainuka nikaenda kuchungulia kwenye shimo la injini.

Mle ndani kulikuwa na fundi, Eusébio, Mmakonde wa kule juu nyandani, ana msalaba shingoni na mafuta mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii inajuaje kurudi nyuma?"

"Haijui, mama. Najua mimi."

"Na ikizima katikati?"

"Tunaomba Mungu, wewe wako na mimi wangu, tuone nani atasikia kwanza."

Nikacheka. Nikamuuliza mengine, maji yale yanayotemwa pembeni yanatoka wapi, mafuta wanatia wapi, kwenu bado kuna watu? Hilo la mwisho akalijibu polepole, kwamba kijiji chao kizima kimehamishwa kikazungushiwa waya. Nyuma yangu askari mmoja mweusi akakohoa. Kumbe anasikia Kiswahili! Nikarudi kwenye magunia yangu nikakaa kimya, na unajua kimya kinavyoniuma.

Tulipofika gatini sipai, askari wa serikali, alipekua mizigo yote. Wangu alipoufungua akakuta zile nguo nyeupe za eda, na mkono akauondoa upesi. Akanipa pole, akaniambia nipite.

Sasa kaa chini. Nilifika kwa Mwanacha nimejaa maneno. Nikamkuta uani na msiro wake usoni, anakaanga samaki, ameketi kwa kuegemea, na tumbo liko mbele yake. Tumbo, Mwinyimadi! La miezi minne, si la kuuliza. Kaka amekwenda zake miaka miwili, amekufa Rajabu, hii sasa Mfunguo Nne, mwezi wa sita tangu Rajabu. Nikahesabu kwa vidole mara mbili. Damu ikanipanda nikainua mkono nimpige.

Hakukwepa. Akasema, "Wifi, kula kwanza. Mwenyewe alisema utakayetumwa ni wewe, na utakuja na hasira, nikupe samaki wa kukaanga na nisikwambie kitu mpaka ushibe."

Mkono ulibaki juu. Nani mwingine ananijua hivi? Bado nikamwambia, huo ni ujanja tu. Hapo akanitajia mtungi wa mama, ule nilioupasua mimi, kaka akasema ni yeye na akala fimbo. Hata wewe hulijui hilo, tulilijua wawili tu. Kaka alimsimulia mkewe walipokuwa wamejificha. Alikuja Ramadhani, akakaa darini siku tatu, akaondoka. Kaka yu hai! Nilikaa chini pale pale penye moshi, nikalia, nikacheka, na samaki nikamla wote.

Nikuulize wewe sasa. Ulidanganywa, au uliuleta uongo huo kwa kusudi ili serikali iache kumtafuta? Kama ni ujanja wenu wanaume, ungenidokeza mimi. Mama aliacha kula siku tisa. Na mpaka leo sijamwambia, maana mama akijua, mji mzima utajua. Namwona anakaa na tasbihi anamwombea maiti ambaye si maiti, nami naangalia pembeni. Inaniuma sana.

Lakini furaha yenyewe haikumaliza kutwa. Fikiri. Watu wakijua kaka yu hai, kesho yake askari wako mlangoni, na Mwanacha yumo ngomeni, kifungoni. Wakiamini amekufa, tumbo hili ni la haramu, na jina la Mwanacha na la mtoto limekwisha. Tumbo halifichiki. Pale kisimani walikwisha kuanza kuhesabu kama nilivyohesabu mimi.

Nikaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee Saide. Sikumweleza kitu, nilimuuliza swali tu, kama mtu anayetaka elimu. Mimba ya mjane yaweza kulala? Akafungua kitabu, akasema kwa sisi watu wa Shafi mimba huweza kukaa tumboni hata miaka minne, maadamu mwanamke hajatamka kwamba eda yake imekwisha.

"Na huyu unayemuuliza," akasema, "alitamka?"

"Hata kuianza hakuianza, mwalimu."

"Basi aianze leo. Mwenye mimba eda yake mpaka ajifungue."

Hakuuliza jingine. Mzee yule Mungu amzidishie.

Kazi ikawa Mwanacha mwenyewe. Alikataa katakata. Ati akivaa nyeupe kwa mtu aliye hai atamuua kwa mkono wake. Nilimbembeleza Jumatano nzima. Nilimkaripia, nikamwimbia, nikamwambia utakaa ndani, hakuna mwanamume atakayepita mlango huu, hakuna wa kukuangalia tumbo, na akizaliwa mtoto ana baba na ana jina. Alhamisi asubuhi akaniletea beseni la maji mwenyewe. Nikamwosha ule msiro usoni taratibu, nikamfungua nywele, nikamvisha. Wanawake wa mtaa walipokuja kutoa pole, somo yake akawatangazia kwamba mimba ya marehemu ililala kwa majonzi na sasa imeamka. Wakaitikia wote, hakuna aliyecheka. Sijui walioamini ni wangapi, na sitaki kujua.

Nisalimie Kurwa na wanangu wote, na shangazi Gracinda wa Mikindani ukimwona, mwambie kanga alizoniletea bado ninazo. Mama anakusalimu, na mumewe Josefina jirani yetu anaulizia ile dawa ya macho.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Ijumaa nilipoaga, Mwanacha alisimama nyuma ya mlango, maana kutoka hawezi. Akaniambia, "Mwandikie Mwinyimadi amwambie asije tena. Akija tumekwisha sote." Nikasema nimesikia. Nikapiga hatua kama kumi kuelekea gatini, akaniita kwa sauti ya chini nikarudi. Akasema, "Usimwambie hivyo. Mwambie tu mtoto atazaliwa Mfunguo Tisa."

Na kaka akiusikia mwezi huo, nani atamzuia asije? Nina siku tatu na kalamu hii, nataka nikuandikie moja kati ya hayo mawili, nashindwa. Wewe ndiye uliye karibu naye. Chagua la kumfikishia.

Mungu awafunike nyote kwa rehema yake, mlipo na alipo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Tatu