Shekina Atoke Nyumba Ile

Manika, Kolwezi
16 Novemba 2024

Mpendwa mama mdogo Godelieve,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ambako mvua imeanza kwa hasira. Mgongo wako unaendeleaje? Na mihogo, imestahimili? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimekonda. Usicheke, ni masomo. Nakuandikia kwa sababu mnara wa simu wa huko kwenu Musumba bado haujatengenezwa, na Omer dereva anaondoka leo kuja huko.

Mwaka huu mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani tuliopewa kazi ya kuwaongoza wapya hapa chuoni. Tunawazoesha kuwahi auditoire, ule ukumbi wa masomo, maana anayechelewa husikilizia dirishani, na kuandika profesa anapoongea bila kungoja ubao. Mwanzoni Shekina wako alilia kwa sababu ya Kifaransa. Sasa anauliza maswali hadi wenzake wanamsonya. Ana akili zako, si za baba yake, usimwambie.

Lakini akaanza kusinzia darasani. Nilimgombeza, nikidhani ni uvivu. Akanijibu polepole: "Yaya, dada yangu, mi nafungulaka redio kwa nguvu, sitaki kusikia bale batu banachimba chini ya kitanda." Siku hiyohiyo nilimfuata nyumbani.

Mama, tata François, yule mzee wa kwetu uliyemkabidhi Shekina kwa mkono wako, anachimba kobalti chini ya nyumba yake. Mtaa wake wote umeshikwa na ugonjwa huo. Mdomo wa shimo uko jikoni, chini ya turubai, na njia ya wachimbaji imepita chini ya chumba cha Shekina. Ukutani kuna ufa unaoingia vidole vyangu. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu anauongeza kila siku kwa sururu. Naogopa, mama. Udongo huu ukilowa haumjui mtu.

Nimemwambia Shekina ahamie kwangu, tutabanana. Amekataa. Unaijua desturi yetu kuliko mimi: mtoto aliyekabidhiwa na mzazi haondoki mpaka mzazi huyo aseme, la sivyo amewatukana wote wawili. "Mama njo alinileta huku," anasema. "Yeye mwenyewe aseme nitoke."

Nikamwendea tata François, nikampigia magoti. Alinipa kiti, akanipa na soda. "Mi siwezi kuachilia mutoto wa batu bila neno ya mama yake," alisema, kwa upole ule wake wa kanisani.

Basi nakuomba neno hilo. Barua wataibishia. Sema kwenye simu ya Omer, airekodi sauti yako, umtaje Shekina na umtaje tata François. Usingoje kumaliza shamba, wala usingoje kikao cha wajomba.

Salamu kwa tata Kabemba, kwa bibi Mbelu, na kwa Samy mwenye masikio makubwa. Mungu awalinde huko, na huku aishike ardhi kwa mkono wake mpaka Omer arudi.

Nilitaka kufunga hapa, ila lazima ulijue na hili. Jumatano tata François aliwahamisha watoto wake kwa dada yao mkubwa, pamoja na magodoro yao na televisheni. Anasema ni likizo. Shule hazijafungwa, mama, na kitanda cha Shekina hakikuguswa.

Mwanao akupendaye, anayengoja sauti yako,
Odile